Ukaguzi wa Mlangoni

Haya, mjukuu wangu, fikiri upesi: kinaosha kila mtu nyumbani, chenyewe hakijawahi kuoga. Sabuni, utaniambia. Umepata. Lakini mwaka ule jibu lilikuwa mimi.

Nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili katika chumba cha nyuma ya kanisa. Kabla ya somo nilisimama mlangoni na chaki yangu. Mikono mbele! Kucha, masikio, kola. Aliyefaulu nilimtia alama ya chaki mkononi, akaingia kukaa mkekani. Wakaniita Bibi Kucha, wakidhani sisikii. Nilisikia, tena nikajivunia.

Jumapili moja akaja binti wa mfagiaji wa hospitali, miaka minane, kambeba mdogo wake mgongoni. Kucha safi kabisa. Ila alinuka mkojo, mpaka mwenzake mmoja akaziba pua: "Bibi, huyu katuletea choo!"

Wakaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

"Rudi nyumbani ukaoge," nikamwambia. "Hii ni nyumba ya Mungu."

Hakulia. "Bibi, wale watoto walioletwa kwa Yesu, walikaguliwa kwanza?"

"Usinijibu hivyo!"

Wala hakuwa amenijibu. Aliuliza. Wa kujibu nilikuwa mimi.

Jumapili tatu hakuonekana, na sikumtafuta. Kisha goti likanipeleka hospitali. Kwenye korido nikamkuta mama yake akipiga deki. Aliponiona akafuta mikono haraka.

"Shikamoo, mama. Ahsante kwa wanangu. Jumapili naingia zamu alfajiri, na sina wa kumwachia. Nikikumbuka wako kwako, nafanya kazi moyo umetulia."

Pale pale nilipaswa kusema. "Marahaba, mwanangu," nikaitikia, basi. Nikatoka bila hata kumwona daktari.

Jumapili iliyofuata niliwahi. Nilipokuwa nafungua chumba nikasikia maji yanatiririka nyuma ya vyoo. Nikazunguka. Binti alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la kanisa, anafua nepi. Nyingine zilitandazwa juu ya ua, na mdogo wake amelala kwenye shuka, uchi.

"Unafanya nini hapa, mama?"

Akaficha nepi mgongoni, maji yakimchuruzika. "Tunaondoka sasa hivi, Bibi! Nilitaka kwanza zikauke, ndiyo tuje. Kila Jumapili nafua mapema, lakini hazikauki mpaka mnafunga sala."

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo."

Hatua ishirini tu kutoka mkekani! Mimi ndani nawasimulia wenzake habari za upendo, yeye hapa anasugua ili nimruhusu kuingia. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwinua yule mdogo. Papo hapo akanilowesha gauni la kanisani, kuanzia kifuani mpaka chini.

Binti akashika mdomo. "Bibi, na wewe sasa utanuka!"

"Acha ninuke. Twende."

Darasani yule mziba pua akaanza, "Jamani, Bibi Kucha leo..." Akaniona uso, akanyamaza. Nilishindwa kuwatazama watoto, mtu mzima mimi. Lakini nilimcheka mbele yao, basi na hili lisemwe mbele yao. Nikamgeukia binti.

"Uliniuliza, sikukujibu. Hawakukaguliwa, mwanangu. Waliosimama kuwazuia ndio waliokemewa."