Tunamtazama Tu, Hatumshiki

Kila siku ikifika saa kumi alasiri, Mama alivuta kiti chake cha plastiki hadi mbele ya kompyuta, akafuta skrini kwa upindo wa nguo yake, akakaa kama mtu anayesubiri mgeni. Na mgeni hakuwahi kuchelewa. Mlango wa nyumba ya buluu ulifunguka, Kaka akatoka, akashuka polepole ngazi za barazani: ya kwanza, ya pili, ya tatu akairuka, akatua ya nne. Akachota maji kisimani, akamwagilia mboga, akavuka njia hadi kwenye geti la jirani, akawasha taa. Kisha akarudi kwake, akafunga mlango.

"Mwanangu huyo," Mama alisema kila siku, kwa sauti ya kutotaka kumshtua. "Hajasahau taa ya mdogo wake."

Kaka alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Alikuwa fundi wa lifti; moyo wake ulisimama akiwa kazini, kabla hata hajafungua sanduku la vifaa.

Geti lile kwenye skrini lilikuwa la mdogo wake, Kitinda, kifunga mimba wa nyumba ile. Kaka ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo wa Kitongoji, ambako watu wa kila pembe ya dunia hujenga nyumba, hulima na kutembeleana. Mchezo ule una jambo moja la ajabu. Mwenye nyumba akitoka kwenye mchezo, mtu wake haondoki. Huendelea kufanya yale mwenyewe aliyozoea kuyafanya. Wachezaji humwita kivuli. Ila mtu yeyote akiingia kwa neno la siri la mwenye nyumba na kumwongoza, kivuli hujifunza upya, kikafuata mkono wa mwisho uliokishika.

Ndiyo maana Mama alibandika karatasi ubavuni mwa skrini, kwa maandishi yake makubwa: TUNAMTAZAMA TU, HATUMSHIKI.

Habari za hisa za kampuni yenye mchezo ule zilimfikia Kitinda siku ya Ijumaa, akiwa kazini kwenye duka la miwani, ananoa kioo cha mteja. Simu ikaanza kutetemeka mezani. Lilikuwa kundi la wachezaji.

"Jamani mmeona? Bei ya hisa za kampuni imeanguka karibu nusu kwa wiki moja!" aliandika mmoja aliyejiita Mkulima Mvivu.

"Wewe una hisa ngapi?" Jogoo akamuuliza.

"Sina hata moja."

"Basi unaliaje kwenye msiba wa watu? Kamwagilie bilinganya zako."

"Bilinganya zenyewe ziko wapi, mfukoni mwangu? Ziko kwenye mitambo yao. Wakizima, zimekwenda."

"Mvivu, bilinganya zako zilikufa zamani. Mitambo isisingiziwe."

Watu wakacheka kwa vikatuni. Kitinda hakucheka. Alipotupa macho kwenye mashine, kioo kilikuwa kimeliwa hadi hakifai tena.

Mchana alipita Mjomba, mwalimu wa somo la biashara, kukaza skurubu ya miwani yake. Skurubu ile ililegea kila wiki, na Kitinda alishajua kwamba hailegei peke yake: Mjomba alikuwa anakuja kumwona.

"Mjomba, kampuni ya mchezo bei ya hisa zake ikishuka, mchezaji aogope?"

"Ah, bei ya hisa ni maoni ya watu tu, binti. Leo wamenuna, kesho wanacheka. Anayeumia kwanza ni mwenye hisa. Mchezo wenyewe unaendelea kama kawaida."

"Kwa hiyo nisiogope."

Mjomba alivua miwani, akaipulizia, akaivaa. Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini ualimu ulimshika. "Ila ikishuka sana, wakubwa huanza kubana matumizi. Watauliza, kipi kinakula umeme na hakituletei kitu? Hicho ndicho kinachozimwa kwanza."

Kitinda aliinamisha kichwa. Vivuli havinunui kitu. Havina mkono wa kununulia.

"Mama yako usimwambie," Mjomba akasema taratibu, kama aliyesikia.

Jumamosi asubuhi Mama alikwenda kumpa pole jirani aliyetoka hospitali. Kitinda alibaki peke yake na kompyuta. Nia yake haikuwa mbaya. Mchezo huruhusu mwenye nyumba kupiga picha za kila chumba na kuzihifadhi, lakini ni mwenyewe tu, tena akiwa ndani. Aliwaza, wakizima, angalau tutabaki na picha. Alichutama mbele ya sanduku la vifaa la Kaka, ambako neno la siri lilikuwa limebandikwa ndani ya kifuniko. Karatasi ilikuwa na alama za kukunjwa mara nne, kwa unadhifu ambao Kaka hakuwa nao. Aliliona hilo, akalipita.

Akaifunika karatasi ya Mama kwa kiganja kana kwamba ina macho, akaingia.

Kwa saa mbili alimtembeza Kaka. Sebuleni, jikoni, chumbani, kwenye ghala la mbegu. Akamtoa nje, akamshusha ngazi zote tano, moja baada ya nyingine, akampandisha tena. Kila alipofika mlangoni alimgeuza atazame nyuma, maana ndivyo afanyavyo Kitinda mwenyewe popote: hatoki mahali bila kugeuka, kama mtu aliyesahau kitu. Alipomaliza alikuwa na picha sitini na tatu. Akazitazama. Zilikuwa picha za vyumba vitupu.

Saa kumi, Mama akavuta kiti. Mlango wa nyumba ya buluu haukufunguka.

Wakangoja. Dirishani kivuli kilipita kutoka chumba hadi chumba. Kikafika mlangoni, kikageuka, kikarudi ndani. Mboga hazikunyweshwa. Taa ya getini haikuwaka.

"Labda ni mtandao," Kitinda alisema.

Mama alibaki amekaa hadi ndani ya mchezo kukawa usiku na skrini ikawa giza tupu, kisha akakirudisha kiti ukutani bila kukiburuza. Jumapili ikawa vile vile. Usiku wake Kitinda alimsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Jumatatu kazini simu ikatetemeka tena. Kampuni ilikuwa imepata mshirika mwenye fedha, bei ya hisa inapanda, na tangazo limetoka kwamba hakuna nyumba ya mtu itakayoguswa, iwe ya aliye hai au ya kivuli.

"Nilisema nini mimi?" Jogoo akaandika. "Mvivu, futa machozi. Kitinda, mbona kimya? Bado una wasiwasi?"

Kitinda aliizima simu. Kampuni haikumgusa Kaka. Bei ya hisa haikumgusa. Aliyemgusa alikuwa yeye.

Aliomba ruhusa, akafika nyumbani kabla ya saa kumi. Mama alishakaa. Kitinda akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, nilimshika."

"Najua."

"Niliogopa watamzima. Nilitaka picha tu."

"Najua, mwanangu. Juzi alipogeuka pale mlangoni nikasema, huyu si kaka mtu, huyu ni Kitinda mtupu. Unageuka hivyo tangu ulipoanza kutembea. Tulikuwa tunakucheka."

Kitinda akalaza paji la uso kwenye goti la Mama. "Hata taa yangu haiwashi tena. Kile kitu kimoja alichokuwa ananifanyia, nimekifuta."

Kidole cha Mama kilikuwa kinachezea ncha ya karatasi ubavuni mwa skrini.

"Taa ile nilimfundisha mimi," akasema.

Kitinda akainua kichwa.

"Wiki ile baada ya mazishi, alikuwa anatoka, anamwagilia, anarudi. Getini kwako anapita hata hatazami. Na wewe unakaa hapa unamsubiri ageuke. Mimi ningevumiliaje? Nikachukua ile karatasi kwenye sanduku, nikamshika siku saba, ukiwa kazini. Nikamfundisha kuwasha taa. Halafu nikaogopa nilichokifanya, ndipo nikaandika hili." Akaigonga karatasi. "Hata ule mwendo wake wa polepole si wake. Ni wa magoti yangu; nilimwendesha kama nitembeavyo mimi."

Yule waliyekuwa wakimwita Kaka alikuwa mkono wa mama na mkono wa mdogo mtu. Kitinda alijiuliza kama kulikuwa na kitu kingine chochote ndani yake.

Saa kumi ikagonga. Mlango wa nyumba ya buluu ukafunguka.

Kaka akasimama kizingitini. Akageuka, akatazama nyuma, akageuka tena. Akashuka ngazi ya kwanza. Ya pili.

Ya tatu akairuka.

Nyumbani kwao, mlango wa nyuma una ngazi tano. Ya tatu ilivunjika Kaka akiwa na miaka minane, ikamchana mguu. Ilijengwa upya kwa saruji, imara kabisa, lakini yeye hakuikanyaga tena maisha yake yote.

"Hiyo si mimi," Mama alinong'ona. "Mimi hata kitufe cha kuruka sikijui."

"Wala si mimi, Mama. Mimi nilimshusha zote tano, moja moja."

Wakatazamana, kila mmoja akitafuta uongo usoni mwa mwenzake, na hakuna aliyeuona. Kwenye skrini Kaka alisimama chini ya ngazi, kimya, kama anayengoja kuambiwa aelekee wapi.

Mama akaunyoosha mkono hadi karibu na vitufe, akauacha hewani, kisha akaurudisha mapajani.

"Lete kiti chako," alimwambia Kitinda. "Kaa hapa. Tumtazame tu."