Ngozi Isiyo na Masikio

Ninakiri mapema: kwa miezi saba nilichunguza wizi wa punda mkoani Simiyu bila kugundua kwamba punda wa shangazi yangu ameibwa.

Nilikuwa nimepanga chumba Somanda, mjini Bariadi, na kila Jumamosi nilikwenda kumwamkia shangazi Nyanjige kijijini kwake, upande wa Sapiwi. Mara nyingi nilimkuta akirudi kisimani na ndoo kichwani. Siku moja nikamsifu kwa nguvu alizojaliwa katika umri ule. Alinitazama kitambo, akasema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante, akaingia jikoni.

Utafiti wangu ulihusu uhalifu unaovuka mipaka. Punda huibwa vijijini, huchinjwa porini, na ngozi zao hukaushwa na kusafirishwa ng'ambo, ambako huchemshwa kutengenezea dawa. Nilikuwa na ramani iliyojaa mishale, pamoja na dodoso la kurasa kumi na mbili. Shangazi alikuwa mhojiwa wangu wa kwanza. Nilimwelekeza, kwa upole wa kisomi, ajibu tu kile anachoulizwa, asije akaniharibia takwimu.

"Je, kaya hii ina punda?"

"Haina."

Dodoso lilielekeza kwamba jibu likiwa hapana, mahojiano yaishie hapo. Yakaishia hapo. Nikamshukuru kwa ushiriki wake.

Jirani yake, Bujiku, nilimwona mara kadhaa akipita njiani bila kusalimiana na mtu. Katika daftari langu nilimwandika: "Mpole, hupenda upweke."

Mwezi wa nane wa utafiti nilipigiwa simu na Specioza Ngeleja, wakili wa serikali niliyesoma naye chuoni. Kontena la ngozi za punda lilikuwa limekamatwa katika bandari ya ng'ambo, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshtakiwa huko. Kwetu alikuwa amekamatwa dereva wa lori, naye aliungama kwamba punda wote wa shehena ile waliibwa mchana, wakiwa wamefungwa nje ya vituo vya kununulia pamba. Mawakili wa mshtakiwa walidai ngozi zilinunuliwa kihalali katika nchi nyingine. Asipopatikana mwenye mali wa kutambua japo ngozi moja, mtu yule angeachiliwa.

"Tatizo ni masikio," Specioza alisema. "Wasukuma mnaweka alama za ukoo masikioni. Wezi wanalijua hilo. Ngozi zote hazina masikio."

Nilimwambia nimekwisha kuandika sura nzima kuthibitisha kwamba utambuzi hauwezekani. Hata hivyo nikachukua picha zake, nikampelekea shangazi, nia yangu ikiwa kumuuliza tu kuhusu alama za koo mbalimbali.

Alizipitia moja moja, akasimama kwenye ngozi yenye doa jeupe ubavuni.

"Huyu anafanana na wangu."

"Wako? Si ulisema huna punda?"

"Uliuliza kama ninaye. Hukuuliza kama nilikuwa naye."

Niliketi juu ya kinu. Ndipo nilipoelezwa, huku shangazi akipepeta choroko zake bila haraka. Msimu uliopita Bujiku aliazima punda huyo kupeleka pamba kituoni. Alimfunga nje, akaingia kupimiwa, na alipotoka akakuta kamba tupu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, hawakumwamini. Walisema amemuuza, nao wakamtenga: asisalimiwe, asiombe moto kwa jirani, asizikiwe.

"Na sasa binti yake Minza amechumbiwa," shangazi aliendelea. "Wakwe wanakuja kutoka Ipililo mwezi ujao kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na Bujiku hana mzee hata mmoja wa kuketi naye. Wakikuta baba kakaa peke yake kama kisiki, watageuza."

"Wewe unaamini alimuuza?"

"Bujiku? Huyo hawezi kuuza kuku bila kijiji kizima kujua bei! Lakini nikimsalimia, nami natengwa."

"Ungeniambia, shangazi."

"Nikuharibie takwimu?"

Nikamuuliza angemtambuaje punda bila masikio. Alisema fisi aliwahi kumrarua nyongani, naye akamshona mwenyewe kwa sindano ya magunia ya pamba. Mishono tisa, na wa tano ulipinda kwa sababu wakati huo punda alimpiga teke. Manyoya yamefunika kovu kwa nje, lakini ndani halikosi kuonekana.

Specioza alimwandikisha maelezo hayo siku iliyofuata, kabla mtu yeyote hajaigusa ngozi ile.

Baada ya wiki mbili tulikaa katika chumba cha mahakama mjini Bariadi, mbele ya skrini. Upande wa pili alionekana jaji, mwanamke mwenye miwani, na mkalimani kando yake. Shangazi alipoulizwa kama yuko tayari, alisema, "Mwadila," kama tusalimianavyo jioni, akanyamaza.

Jaji akamwangalia mkalimani.

"Mama," Specioza alinong'ona, "jaji anasubiri."

"Nami nasubiri. Hajaitikia."

Mkalimani alieleza jambo kwa sauti ya chini. Jaji akavua miwani, akainamia kipaza sauti, akatamka neno lile polepole. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Haya. Mwambieni ageuze ngozi yenye doa."

Wakili wa utetezi akasimama kupinga. Picha zilikuwapo, alisema, na picha zilitosha.

"Kijana," shangazi alimwuliza, "umewahi kuchuna mnyama?"

Swali lilitafsiriwa. Jibu likarudi: hajawahi.

"Basi kaa kwanza, utaona."

Wakili mwenyewe alicheka. Jaji aliagiza ngozi igeuzwe. Ofisa mwenye glovu aliisogeza mbele ya kamera, na kwenye nyonga kovu likaonekana, limepauka kama kamba kuukuu. Ofisa alihesabu mishono kwa kidole hadi tisa. Wa tano ulipinda. Shangazi aliutazama muda mrefu bila mzaha wowote, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Specioza alitupatia nakala ya mwenendo wa siku ile na ya ungamo la dereva, zote zikiwa na muhuri. Tulizipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Mashimba, kamanda wa sungusungu, alisoma kila ukurasa, akaukagua muhuri kwa nyuma pia, akatangaza kwamba Bujiku hakuuza punda. Lakini kanuni ilikuwa kanuni: anayerudishwa kundini mwa watu huchinja mbuzi.

"Nichinje kwa kosa gani?" Bujiku aliuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kurudishwa bila kosa.

"Kosa lipo," shangazi alisema. "Kuna msomi hapa amepita mbele ya nyumba ya Bujiku miezi saba na kalamu mkononi, asimuulize kwa nini hasalimiwi. Kanuni inasema achinje aliyechelewesha haki."

"Kuna kanuni hiyo?" nilimuuliza Mashimba.

"Kuanzia leo," Mashimba alijibu.

Nilianza kuwaeleza kuhusu mbinu za utafiti na mipaka yake. Mzee mmoja alisema maelezo ni mazuri, ila hayana mafuta. Nikaenda kutafuta mbuzi.

Shauri la ng'ambo lingali linaendelea, na mshtakiwa bado yuko rumande. Sura yangu ya nne, ile ya utambuzi usiowezekana, nimeifuta. Wakwe walipofika kutoka Ipililo, walimkuta Bujiku ameketi na wazee sita, na Minza ameolewa.