Deni la Marehemu Daktari Maganga

Historia fupi ya marehemu ilikuwa ndefu. Katekista aliyeisoma alianzia shule ya msingi, akapita seminari, akapanda ndege hadi Bulgaria, akarudi na shahada, na sisi tumekaa juani pale Nkololo tukimsindikiza hatua kwa hatua. Alisema Daktari Novatus Maganga alikuwa mtaalamu wa kunyoosha meno, na kwamba alifungua chumba chake cha tiba Bariadi mjini mara tu serikali iliporuhusu tena hospitali za watu binafsi. Hakusema kwamba marehemu alikuwa na mikono laini na ulimi wa upupu. Hakusema alivyotuuliza maswali tukiwa tumeachama, kisha akanuna kwa kukosa jibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimpenda mtu yule kuliko wajomba zangu wote, maana ndiye pekee aliyeutazama mdomo wangu bila kucheka.

Meno yangu ya juu yalitangulia mbele kama yana safari yao. Shuleni sikuwa Joyness, nilikuwa Opena, ile ya kufungulia soda. Mama yangu, Nyanjige, aliuza mtamba wake mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na kila kitu kikawa na bei, hata meno yaliyonyooka. Daktari akanigandishia vyuma kwenye meno, akapitisha waya, na kila mwezi akaukaza kidogo. Alinikataza muwa, akisema jino linalohama hulegea. Nilikuwa nimeanza kucheka bila kuziba mdomo. Kisha malaria ikampanda kichwani, akafa.

Alipokuwa amelazwa, waya ulifyatuka upande mmoja ukawa unanichoma shavu hadi likatunga usaha. Pengine pote mjini walijua kung'oa tu. Ndiyo maana mama alinipeleka mazishini: kumlilia daktari, na kutafuta wa kunitoa vyuma.

Kaburi lilipofukiwa, katekista akatangaza kama inavyotangazwa siku zote, kwamba kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na familia. Wenye adabu husubiri wakaonana nao nyuma ya nyumba. Mama alisimama palepale.

"Mimi namdai," alisema.

Watu wakaguna. Aliyeinuka ni Ndalahwa, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji ambaye wilaya nzima ilijua kwamba hajawahi kulala na deni la mtu.

"Kiasi gani, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma.

"Siyo hela, baba. Ameacha vyuma mdomoni mwa ng'wanone, mwanangu huyu. Nani atavitoa?"

Akanishika kidevu, akanifungua mdomo mbele ya umati. Nilitamani kaburi linimeze na mimi.

Mjane, Apolonia, alisema kwa sauti iliyokauka, "Shemeji, Mwanza wako wenzake. Tukishaanua matanga nitampeleka mwenyewe."

"Ndugu yangu alale na deni na mimi ni mzima?" Ndalahwa alijibu. "Deni la marehemu halisafirishwi. Nileteeni mkoba wake."

Angekuwa mtu mbaya ningekimbia. Alikuwa mwema, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Alinawa mikono kwa sabuni. Alipekua koleo ndogo ndogo za nduguye, hazikumkaa mkononi, akachagua iliyokuwa kubwa kuliko zote. Nikakalishwa kwenye kigoda, mama akanibana kichwa kifuani kwake.

"Vumilia, ng'wanone," alisema Ndalahwa. "Hii ni kidogo tu."

Nilipiga kelele kwamba meno yamelegea, kwamba daktari mwenyewe aliniambia. Nani anamwelewa mtoto aliyeachamishwa? Chuma cha kwanza kilitoka. Cha pili kilitoka na jino.

Ndalahwa alilitazama kiganjani. Apolonia alimlilia aache. Lakini mtu yule aliamini kwamba deni likilipwa nusu ni tusi kwa maiti, na alikuwa amekwisha kuanza mbele ya watu. Akaendelea. Alipomaliza, meno yangu manne ya mbele yalikuwa kwenye sahani ya bati, yakiwa bado yameshikana na waya wa daktari. Yalikuwa yamenyooka vizuri sana.

Ndalahwa alipiga magoti mbele ya mama, mzee mzima, machozi yakimchuruzika hadi ndevuni.

"Mayu," aliuliza, "ndugu yangu bado anadaiwa?"

Mwenye kudai nilikuwa mimi, ila mdomo wangu ulikuwa umejaa damu na kipande cha kanga. Mama aliutazama umati, akalitazama lile kaburi bichi.

"Hadaiwi, baba," alisema. "Alale."