Mitupo Miwili ya Antonia

Antonia Dismas alikuwa na miaka mitano mama yake alipofariki. Baba yake alikuwa ameshahamia Pande, upande wa Kilwa, na kuoa huko, kwa hiyo baada ya matanga mama yake mkubwa, Rosa, alimchukua mtoto akaenda naye Rutamba. Akamlea pamoja na Witness, binti yake wa pekee. Wasichana hao walipishana miezi minane. Walilala kitanda kimoja, wakasoma darasa moja, na wote wawili walirefuka mpaka wakawa wanainama kupita mlangoni. Mtu akimwuliza Rosa ana watoto wangapi, alijibu "wawili" bila kufikiri.

Mpira wa kikapu walijifunzia kwenye kiwanja cha parokia, ambako katekista Romani alikuwa amechomelea pete ya chuma kwenye nguzo ya zamani ya simu. Witness alikuwa na kasi na maneno. Antonia alikuwa mzito wa miguu, lakini mkono wake ulikuwa mtulivu. Wenzake wakishaondoka, alibaki amesimama kwenye mstari wa mitupo huru, anarusha hamsini. Siku mbaya, mitupo arobaini iliingia.

Walipofika miaka ishirini na miwili, wote wawili waliitwa timu ya taifa. Rutamba ililia kwa furaha. Witness akawa mmoja wa wale watano wanaoanza, jina lake likaanza kutajwa redioni. Antonia alichukuliwa mtu wa kumi na mbili, wa mwisho kwenye orodha.

Mashindano ya kufuzu Kombe la Afrika yalifanyika Dar es Salaam mwaka huo. Timu moja tu ndiyo ingepita. Kwa siku nne Antonia alikaa benchi na traksuti yake, akagawa maji, akapiga makofi. Siku ya tano ilikuwa fainali, na Waganda waliongoza kwa pointi moja zikiwa zimebaki sekunde tatu.

Witness alipenya katikati ya mabeki wawili, akapigwa mkono, akaanguka. Refa akapuliza filimbi: mitupo miwili. Mmoja ukiingia, muda wa nyongeza. Yote miwili ikiingia, wamefuzu.

Witness aliinuka. Antonia alimwona kwa macho yake, maana benchi lilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Witness alisimama kwa miguu yote miwili, akatazama pete, akatazama watu elfu mbili waliokuwa wanaimba jina lake. Kisha akakaa chini taratibu, akashika kifundo cha mguu, akapiga yowe.

Sheria ya kikapu iko wazi: aliyechezewa faulo akiumia hata atoke, anayeingia badala yake ndiye anayerusha. Wakati wanamtoa, mikono yake ikiwa kwenye mabega ya wenzake wawili, Witness alimwambia kocha Eusebio kwa sauti ya kusikika, "Mwingize Antonia. Hiyo mitupo fundi wake ni yeye."

Kocha aliwaza kidogo, halafu akageuka. "Antonia! Vua traksuti."

Zipu ilimkwama. Akavulia kichwani. Siku nne hakuwa amegusa mpira isipokuwa wa kupasha misuli, na sasa ulikuja mikononi mwake ukiwa na unyevu wa jasho la watu wengine. Hakuna aliyeimba jina lake, maana wengi hawakulijua.

Mtupo wa kwanza ulizunguka pete mara mbili, ukatoka.

Alivuta pumzi. Alidundisha mpira mara mbili, akarusha haraka kuliko alivyozoea. Mtupo wa pili haukugusa hata pete. Mpira ukapewa Waganda, sekunde tatu zikaisha.

Asubuhi yake, hotelini, Antonia alitoka chumbani akiwa hajalala. Macho yalikuwa yamevimba. Kwenye ngazi alimkuta Witness anashuka na begi lake kubwa begani, anakanyaga ngazi mbilimbili.

"Mguu wako," Antonia alisema.

Witness alisimama. Akatazama nyuma, akatazama mbele, hakuona mtu.

"Umepona?"

"Usianze, Antonia."

"Uliinuka. Nilikuona. Ulisimama kabisa, ndipo ukakaa."

Witness alishusha begi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Antonia zaidi. Aliongea naye kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya dukani.

"Jamaa wa klabu ya Misri alikuwa jukwaani. Alikuja kuniangalia mimi. Ningekosa, angeondoka bila hata kuaga. Wewe hakuna aliyekuja kukuangalia. Umekosa, umepoteza nini?"

"Ungeniambia basi. Ungeniambia tu, 'dada, naogopa.'"

"Ningekwambia ungekataa."

Mlango wa chini ulifunguka. Kocha Eusebio alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai, na kwa jinsi alivyowatazama, Antonia alijua kuwa amesikia. Alingoja aseme neno. Kocha alimtazama Witness miguuni, akanywa funda moja la chai.

"Pandeni gari basi," alisema. "Tunachelewa. Witness, chechemea, waandishi wako nje."

Witness akachechemea.

Rutamba walikuwa wameitazama fainali kwenye simu, wamebanana vibandani. Video ya ule mtupo wa pili ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Kitomanga na Kilwa Masoko. Antonia aliporudi, alikuwa ameshapewa jina: Haigusi. Akienda dukani kununua sukari, Stefano mwenye duka alimwuliza, "Nikurushie au nikupe mkononi?" na watu waliokuwa kwenye benchi la nje wakacheka hadi wakashikana. Ghalani, siku ya kupima korosho, mwanamke mmoja wa kwaya, aliyewahi kumbeba mgongoni, alitupa korosho moja kuelekea gunia, akaikosesha makusudi. "Haigusi!" wakaitikia wote. Ilirudiwa kila siku, na waliorudia hawakuwa watu wabaya. Walikuwa majirani.

Witness yeye alipokelewa kwa vigelegele, mguu umefungwa bandeji. Watu walimletea kuku na mayai. "Angerusha yeye tungefuzu," walisema, na Antonia ndiye aliyekuwa anawamiminia chai.

Alivumilia wiki tatu. Siku Witness alipoondoka kwenda Misri, baada ya gari kutokomea, Antonia alimfuata Rosa jikoni. Rosa alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, Witness hakuumia."

Ungo ulisimama.

"Aliogopa kurusha. Akajiangusha ili nirushe mimi. Kocha anajua. Mwulize."

Rosa alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. Hakumtazama.

"Nimekulisha miaka kumi na saba," alisema. "Sikuwahi kukutenga hata siku moja. Na leo, mwenzako hajafika hata Lindi mjini, unamchafua?"

"Simchafui. Ni kweli."

"Hata kama ni kweli!" Rosa alipaza sauti, kisha akaishusha, maana majirani walikuwa karibu. "Hata kama ni kweli, Antonia. Mimi nimezaa mmoja. Usiniulize nitasimama upande wa nani."

Antonia alisubiri kidogo, kwa sababu alidhani huenda kuna neno jingine linakuja. Ungo ukaanza tena. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti akaenda Pande kwa baba yake.

Mzee Dismas hakuwa mtu wa maswali. "Shikamoo, baba," Antonia alisema mlangoni. "Marahaba," alijibu, akamtazama kuanzia miguuni hadi utosini, kama anayepima urefu ule umetoka wapi. "Ufuta unahitaji palizi." Akampa jembe. Mama wa kambo alimpa chumba cha kuwekea mbegu.

Alilima miaka miwili. Huko Pande hawakumjua, au waliomjua hawakujali. Kulikuwa na shule karibu na msikiti, na mwalimu Nassibu alipouona urefu wake alimwomba awafundishe wasichana mpira wa kikapu Jumamosi. Alikataa mara tatu. Mara ya nne alikubali, na asubuhi za Jumamosi zikawa ndizo asubuhi zake njema.

Ndipo kocha Eusebio alipopiga simu. Kambi ya timu ilikuwa Lindi mjini, mashindano ya kufuzu yamekaribia tena, na mchezaji mmoja alikuwa amevunjika kidole. "Njoo," alisema. "Yale yamepita."

Antonia alikata simu akaketi chini palepale shambani. Alijichukia kwa jinsi moyo ulivyomwenda mbio. Kulipokucha alikuwa njiani.

Aliingia uwanjani saa nne asubuhi, begi mkononi, viatu vya zamani ndani ya begi. Wachezaji walikuwa wananyoosha viungo. Witness, nahodha sasa, aliyekuja kutoka Misri kwa ajili ya mashindano, alikuwa mbele yao. Alimwona, akamwendea kocha moja kwa moja. Waliongea kwa dakika moja hivi. Antonia hakusikia, lakini aliona kocha anakubali kwa kichwa, mara mbili.

Kocha akaja. "Kuna wasichana humu wana imani zao," alisema, macho yake yakiwa kwenye filimbi yake. "Nahodha anasema wanaogopa mikosi. Siwezi kuvunja timu kwa ajili ya mtu mmoja. Unanielewa?"

"Nimesafiri tangu alfajiri, kocha."

"Gari la Kilwa linaondoka saa nane. Ukiwahi utapata kiti."

Antonia aliweka begi chini. Mpira mmoja ulikuwa umelala karibu. Aliuokota, akatembea na kandambili zake mpaka mstari wa mitupo huru, akarusha. Uliingia. Msichana mmoja, bila kufikiri, akamrudishia. Uliingia tena. Alirusha kumi, yote kumi ikapita bila kugusa pete. Witness alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Asante," kocha alisema. "Nani mwingine anachelewesha mazoezi?"

Antonia akachukua begi lake.

Timu ilifuzu. Mzee Dismas alikuwa na redio ndogo, akaiwasha shambani siku ya fainali wakati wanakata ufuta, na mtangazaji alipolitaja jina la Witness, mzee alinyoosha mkono kuizima.

"Iache," Antonia alisema.

Zilibaki sekunde kumi na moja. Witness alikuwa na mpira. Antonia alifumba macho akaomba ukose. Aliomba kwa moyo wake wote, kwa maneno yaleyale ambayo mama Rosa alimfundisha kuombea wagonjwa. Mtangazaji akapiga kelele mpaka redio ikakwaruza: umeingia, umeingia.

Baba yake alipunguza sauti ya redio.

"Tumeshinda," alisema.

"Nimesikia."

Akainama akafunga mganda mwingine. Maganda ya ufuta yalikuwa yameshaanza kupasuka, na mbegu zilikuwa zinamwagika.