Soksi Iliyolowa

Muuguzi aliolewa katika nyumba ile akijua wazi kwamba mumewe ana mama wawili: yule aliyemzaa, na gari. Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya krimu, lenye taa mbili za duara kama macho ya bundi, na baba mkwe alilinunua miaka mitatu kabla mume hajazaliwa. Mama mkwe aliliita "mke mwenzangu," na wala hakuwa akitania sana.

"Mimi niliumwa jino wiki nzima, akaniambia nisukutue maji ya chumvi," alimweleza mkazamwana wake siku zile za mwanzo. "Lakini huyo akikohoa mara moja tu, mzee analala chini ya tumbo lake mchana kutwa."

Mzee alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mtu mrefu, suruali zake zimepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Macho yalipoanza kumsumbua alimkabidhi usukani mwanawe, seremala, lakini amri hakuzikabidhi. Alikaa kiti cha mbele cha abiria, kiwiko dirishani, akielekeza: "Gia ya tatu. Ya tatu, nimesema! Hilo ni gari, si randa."

Mambo yalianza kwenda kombo mwezi ule asubuhi zilipokuwa za baridi. Jumapili moja walikuwa wametoka kumtembelea shangazi, dada yake mzee, anayekaa mlimani upande wa pili wa mji. Mzee aliposhuka garini, muuguzi aliona pindo la suruali yake limelowa, na soksi ya kushoto imeganda kwenye kifundo cha mguu. Mkazamwana hamhoji baba mkwe habari za suruali. Labda ni chai, akajisemea.

Jumapili iliyofuata, yale yale. Safari hii muuguzi alichelewa kushuka makusudi, akaubonyeza mkono kwenye zulia la mbele. Lilichuruzika. Akanusa vidole: harufu tamutamu, kama ya tunda lililolala. Na kesho yake asubuhi akaikuta soksi ya mzee imetupwa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, sisimizi wamejipanga kuizunguka kana kwamba wamealikwa.

Miaka tisa alikuwa amefanya kazi wodini. Mzee wa miaka sabini na moja, mkojo unaomponyoka, utamu, sisimizi. Hakuhitaji kupiga ramli. Akamvuta mama mkwe jikoni, akafunga mlango.

"Mama, naogopa baba ana sukari."

"Sukari?" mama mkwe akashangaa. "Huyu ambaye hajawahi kuniambia neno tamu tangu anioe?"

Lakini alipoelezwa alikaa kwenye stuli, akajifuta uso kwa kanga. Jioni ile ile kopo la sukari likapanda juu ya kabati. Mzee alionja chai yake, akaitazama, akaionja tena.

"Nani kafa?" akauliza.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa na siri. Siri kwake ilikuwa kama kaa la moto mkononi. "Hakuna aliyekufa. Umejikojolea garini, mume wangu, mara mbili, na mkojo wako unaita sisimizi."

Seremala aliinamia sahani yake kama aliyeona nyota ndani yake. Mzee aliweka kikombe chini, taratibu mno.

"Nimelowa, ndiyo," alisema. "Kwamba nimelowa, najua. Lakini sikukojoa." Kisha akainuka akaenda chumbani, na tangu siku hiyo akakataa kupanda gari.

Muuguzi alimpima damu asubuhi tatu mfululizo kabla hajatia kitu tumboni. Kidole kikitobolewa mzee alitazama ukutani. Asubuhi ya tatu, bila kugeuza uso, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi, mwanangu, mtu anaweza kufanya jambo kama lile asijue kabisa?"

"Inawezekana, baba. Wala si aibu."

"Basi huenda ni kweli."

Kauli ile ilimchoma muuguzi kuliko kama angalitukanwa. Na kilichomchanganya zaidi ni kwamba vipimo vyote vitatu vilikuwa safi, damu kama ya kijana. Kopo la sukari likashushwa kabatini, lakini mzee hakurudi kwenye kiti chake. Alishinda kibarazani, miguu ameificha chini ya kiti.

Siku mbili baadaye seremala alikuwa anampeleka mkewe kazini, naye amekaa nyuma, maana kiti cha mzee hakuna aliyethubutu kukikalia. Wakiwa katikati ya barabara, sindano ya geji ya joto ikaanza kupanda, ikapita nusu, ikagusa nyekundu. Mvuke ukafuka kwenye boneti. Seremala akaegesha, akazima injini, akapiga usukani kofi.

"Na jana tu nimelijaza! Kila siku lita nzima ya maji ya rejeta. Linakunywa kama ngamia, na ukitazama chini pakavu, hata tone."

"Lita nzima kila siku?" muuguzi akauliza. "Tangu lini?"

"Kama mwezi hivi. Gari la zamani halikosi kiu."

Muuguzi aliutazama mvuke. Wodini kwao kila mgonjwa mahututi alikuwa na karatasi kitandani: safu moja ya maji yaliyoingia, nyingine ya yaliyotoka. Safu hizo zisipopatana, hakuna muuguzi anayerudi nyumbani. "Mume wangu," alisema, "maji hayapotei. Kama yanaingia, yanatoka. Jumamosi tutatafuta yanakotokea."

Jumamosi injini ikiwa baridi, seremala aliazima pampu ya mkono kwenye gereji ya jirani, ile yenye geji inayofungwa mahali pa kizibo cha rejeta. Ukiipampu, maji yanapata msukumo kama vile gari limekimbia mwendo mrefu. Muuguzi alileta mfuko wa shashi nyeupe za kufungia vidonda. Alifunga kipande kwenye kila maungio: mpira wa juu wa rejeta, mpira wa chini, pampu ya maji, kila mahali kidole kilipofika. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani kwa ile dawa ya kupozea injini, kwa hiyo shashi itakayobadilika rangi ndiyo itakayosema ukweli.

"Mnalivika gari au mnalitibu?" sauti ikauliza nyuma yao.

Mzee alikuwa amesimama, mikono mgongoni. Alikuwa amevumilia kibarazani nusu saa, uzalendo ukamshinda. Akafungua mlango wa mbele, akaketi mahali pake, akatoa mguu mmoja nje kwa tahadhari, kisha akaurudisha ndani. "Nilisema sisafiri nalo," akatangaza. "Gari lililosimama si safari. Haya, pampu! Polepole!"

Seremala akapampu. Sindano ya geji ikapanda, ikatulia, kisha ikaanza kushuka, kidogo kidogo. Muuguzi akakagua shashi moja baada ya nyingine. Zote nyeupe. Akapiga magoti akachungulia chini ya gari. Pakavu.

"Pampu tena," alisema.

Ikashuka tena. Shashi nyeupe, sakafu kavu. Wakatazamana, mtu na mkewe, kama walioibiwa mchana kweupe.

Ghafla gari likatikisika. "Njooni!" mzee alikuwa anapiga kelele. "Njooni nyote! Mama watoto, acha sufuria, njoo ushuhudie! Nimelowa! Nimelowa na sikufanya kitu!"

Walimkuta amenyoosha mguu wa kushoto juu kama mcheza mpira aliyeumia. Tone la kijani lilining'inia chini ya dashibodi, likanenepa, likadondoka tap! juu ya soksi. Likafuata jingine. Muuguzi aliingiza kipande cha shashi, akakitoa kikiwa kijani, chenye ile harufu tamu. Aliketi pale pale chini, akacheka mpaka machozi.

"Hita," alisema seremala, akijipiga paji la uso. "Maji ya moto ya injini yanapita humu ndani kwa mpira kutupa joto! Mwezi huu wote nimekuwa nikiiwasha hita."

"Mwezi huu wote," mzee alisema kwa madaha, "nimekuwa nikinyimwa heshima na mpira." Kisha akamgeukia mkewe. "Ulisema nini kuhusu sisimizi?"

"Nilisema wana akili," akajibu mama mkwe. "Wamelijua tatizo kabla yenu wote."

Walimwaga maji ya rejeta kwenye beseni. Mikono ya seremala ilikuwa mikubwa mno kupita nyuma ya dashibodi, basi akaingia muuguzi, kichwa chini na miguu juu ya kiti, mama mkwe akimshikia tochi. Vidole vyake vilivyozoea kutafuta mishipa gizani viliupata mpira: ulikuwa umepasuka mdomoni, chini ya klipu iliyokula kutu. Akailegeza kwa bisibisi fupi, akauvuta, akafunga mpira mpya na klipu mpya mbili. Seremala alitia maji, akawasha injini na hita, wakaacha kizibo wazi mpaka povu la hewa lilipoisha mdomoni mwa rejeta. Injini ilipopoa walifunga pampu kwa mara ya mwisho. Mzee alitazama saa yake dakika kumi kamili. Sindano haikutikisika.

Muuguzi alijifuta mikono, akaenda kupiga goti mbele yake. "Baba, nisamehe. Nilikuonea."

"Inuka, mwanangu. Ulinipima asubuhi tatu wewe. Daktari wangu mwenyewe hunipima mara moja kwa mwaka, na anakuwa na haraka." Alikohoa kidogo. "Na ile mikono yako usiiharibu na vidonda vya watu tu. Ina kipaji."

Jumapili walipanda mlima kwenda kwa shangazi. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza, alidai kiti cha mbele. Alitaka aione hiyo hita iliyomletea balaa nyumbani. Mzee akakaa nyuma na mkazamwana, bila kununa. Joto lilipoanza kupuliza miguuni, mama mkwe alivua viatu. Kabla hawajafika nusu ya mlima alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Walipofika, shangazi alikuwa tayari langoni akipunga mkono. Seremala akapunguza mwendo.

"Usisimame," mzee akanong'ona, akimgusa mwanawe begani. "Zunguka tena. Mwache alale kidogo."

Wakampita shangazi polepole, mzee akimpungia kutoka dirisha la nyuma, naye amebaki ameshika kiuno katikati ya lango.