Ruhusa ya Kumpasua Dalila

Dalila aliharibikiwa na mimba mara mbili kabla ya hii. Zote mbili ziliharibika kisiwani Koyama, juu ya kitanda kile kile cha kamba, na kila mara wanawake walikuja na leso zao vichwani wakamwambia neno lile lile: Mungu atakupa nyingine. Walisema kwa upole, maskini, lakini mtu ukiambiwa hivyo mara ya pili mkono unawasha, unatamani umzabe mtu kofi. Basi hii ya tatu ilipovuka pale zilipokomea zile mbili, na mtoto akawa anacheza, Dalila alimwambia mumewe waziwazi kwamba yeye hazai kisiwani. Atazaa Kismayu, hospitali, mbele ya daktari na mashine zake, na asiyetaka shauri yake.

Mumewe, Shee, alikubali upesi. Alikuwa mpiga mbizi wa kamba mawe, mtu wa maneno machache, na alimpenda mkewe. Hilo nalisema mapema, kabla hatujafika kwenye mabaya. Wasiwasi wa Dalila ulikuwa kwa mavyaa wake, Mwanalima, mamake Shee. Vile viumbe viwili vya mwanzo Mwanalima ndiye aliyevipokea kwa mikono yake, akavifunga kitambaa cheupe. Mtu angetazamia aseme, sisi sote tumezaa hapa hapa, wewe umekuwa nani? Hakusema. Alijifuta macho kwa pembe ya leso akasema, "Mwanangu, hata ukitaka kuzalia Makka nitakufuata. Mimi huyu mwana namtaka."

Na kweli alimtaka. Dalila alikuwa hana mama wala baba, na miezi ile Mwanalima alimlea kama aliyemzaa. Harufu ya papa mkavu ilimtapisha, basi papa akafukuzwa jikoni, na nyumba nzima ikala mchuzi wa nazi mtupu bila kunung'unika. Dalila akaanza kubandua udongo wa ukutani na kuula kwa siri. Mwanalima akamfuma. "Kula, kula," akamwambia, "lakini ukuta ukiisha tutapikia wapi?" Wakacheka hadi Dalila akashika mbavu. Nani asingempenda mavyaa wa namna hiyo? Dalila alimpenda kwa moyo wake wote, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma vile.

Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia, wakavuka kwenda Kismayu wakafikia kwa Mahmudi, kaka yake Dalila, baba mmoja mama mmoja, muuza vipuri vya mashine za boti karibu na bandari. Mahmudi alikuwa mtu wa mzaha, mdomo haumtulii. Alilipigia saluti tumbo la dada yake, akalisalimu "mheshimiwa". Shee naye aliondoka na nduguze wawili kwenda Ras Kamboni, kwa kuwa kamba walikuwa wengi huko msimu ule, akala yamini kwamba atarudi kabla ya mtoto. Mtoto hakumngoja.

Uchungu ulimshika Dalila asubuhi, mapema kuliko walivyotarajia. Mahmudi alikuwa ameshatoka, kwa hiyo Mwanalima akasimamisha bajaji, wakenda hospitali wao wawili. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Layla, Msomali wa mjini aliyekijua Kibajuni, lugha yao wa visiwani, cha kuokoteza, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alimpima, akampima tena. Uso wake ukabadilika, akamwita daktari. Dalila aliona.

Daktari Nabil alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliweka chombo cha mashine ya kusikilizia juu ya tumbo, na mara chumba kizima kikasikia moyo wa mtoto ukipiga. Yarabi, sauti ile! Ulikwenda mbio, kisha ukazubaa, kisha ukakazana tena. Dalila hakuwahi kusikia kitu kitamu na cha kutisha kwa pamoja namna ile. Zile mimba mbili za mwanzo hazikumpa sauti yoyote.

"Mtoto amelala mkingamo," daktari akasema kwa Kisomali, taratibu ili wote waelewe. "Hawezi kupita njia yake. Na ameanza kuchoka. Lazima nimpasue mama sasa hivi. Mumewe yuko wapi? Nataka ruhusa yake."

"Yuko baharini," Mwanalima akajibu.

"Babake mume? Ndugu za mume?"

"Babake ni marehemu. Nduguze wako naye huko huko."

Wakapiga simu ya Shee, haipatikani. Wakapiga ya ndugu mmoja, ya ndugu wa pili, ni yale yale. Watu wako chini ya maji na simu ziko nchi kavu, nani azipokee?

"Mimi nimekubali," Dalila akasema. Akainuka kwa viwiko. "Daktari, tumbo hili ni langu. Nipasue."

"Najua ni lako, dada," daktari akasema. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitaki mtu amtukane kupita kiasi, ingawa kumtukana kidogo ni haki. Akaeleza kwamba mwaka uliopita mwenzake alimpasua mwanamke kwa ridhaa yake mwenyewe. Mwanamke akapona, mtoto akapona, na bado ukoo wa mume ukaja na bunduki kuuliza nani kawapa ruhusa ya kukata mali ya watu. Tangu siku hiyo sharti likawa moja: mume, au mwanamume wa upande wa mume. Mwanamke mwenyewe haitoshi. Mamake mume haitoshi. Ndugu wa mke ndiyo kabisa, hana lake.

Mwanalima akaanza kumbembeleza. Akamwita daktari mwanangu, akamwita babangu, akashika mkono wake akataka kuubusu. Daktari akautoa mkono polepole akatoka nje. Mwanalima akasema atakwenda kuswali adhuhuri hapo uani amlilie Mungu, kwa kuwa binadamu wamegeuka mawe. Akatoka na kanga yake ya kuswalia begani.

Mahmudi akafika wakati huo huo, habari zimemkuta dukani, jasho linamtiririka. Layla alimweleza pale mlangoni kwa sauti ya chini, na Dalila aliona mzaha wote ukimtoka usoni. Alimkaribia dada yake, akamshika kichwa. "Unaumwa?" Swali gani hilo! Dalila akamwambia, "Mahmudi, mtoto anakufa. Namsikia." Na kweli moyo ule kwenye mashine ulikuwa unazubaa kwa muda mrefu zaidi sasa.

Mahmudi akaukunjua mgongo. Akatoka mpaka kwa daktari, na Dalila akamsikia akisema kwa Kisomali safi, sauti haitetemeki: "Mimi ndiye Shee. Ndiye mumewe. Nimeingia sasa hivi kutoka baharini. Mpasue."

Layla alijua. Alikuwa amemsikia Dalila akimwita kwa jina lake. Akainamisha macho, akaanza kufungua breki za kitanda. Mungu amlipe mwanamke yule. Daktari naye hakuuliza mara mbili. Labda hakutaka kujua, alichotaka ni mwanamume wa kumwekea jambo lile begani. Kitanda kikasukumwa. Dalila alikuwa analia kwa furaha, uchungu wenyewe aliusahau. Alimwona kaka yake akitembea kando ya kitanda, ameshika chuma cha kitanda, na akasema moyoni, tumepona.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa unatazamana na ua. Mwanalima alikuwa anatoka kwenye swala, miguu yake bado ina maji ya udhu. Alipoona kitanda kinakwenda, uso ukamchangamka. "Alhamdulillahi! Amepatikana nani?"

"Mumewe amefika, mama," daktari akasema, huku amemwekea Mahmudi mkono mgongoni. "Huyu hapa mume ameridhia."

Mwanalima akamtazama Mahmudi. Dalila alimwona akimtazama. Alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo, akatamka bila sauti, mama, nyamaza. Neno lile la mume halikuwa na uzito wowote wakati ule, lilikuwa la kumezwa tu kama dawa chungu.

"Mume?" Mwanalima akasema. Na sauti ikapanda yenyewe, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Mume yupi? Astaghfirullah! Huyu ni nduguye! Titi moja! Mchu hawi mume wa nduguye, mtu na dadake, haisemwi hiyo, hata kwa mzaha haisemwi!" Akashika mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Lo! Kitanda kikasimama.

Hakukusudia. Mwanamke yule amezeeka katika kisiwa ambacho kaka na dada wakishakua hata kulala chumba kimoja hawalali, na kuambiwa huyu ni mke wa yule ilikuwa ni uchafu uliotiwa masikioni mwake dakika ile ametoka kusujudu. Ulimi ulimtangulia. Mimi nayaelewa yote hayo, na bado nikiyafikiri hasira inanipanda.

Daktari alimgeukia Mahmudi. "Umenidanganya." Mahmudi akapiga magoti, wallahi, mtu yule wa mzaha akapiga magoti pale sakafuni mbele ya watu. Daktari akasema angekuwa ameshajiingiza kwenye kisasi cha damu kwa maneno ya mwongo. Akasema mtu asimletee tena mwanamume mwingine, anataka kuisikia sauti ya mume kwenye simu, na mamake mume aithibitishe. Kitanda kikarudishwa kilikotoka.

Wakapiga simu. Mwanalima akapiga, Mahmudi akapiga, Layla akapiga kwa simu yake mwenyewe. Dalila alilala ubavu akisikiliza mashine. Akawa anamwambia mtoto, ngoja, baba, ngoja kidogo, wanakuja kukutoa. Moyo ulipiga. Ukazubaa. Ukapiga. Halafu Layla akaja akakihamisha kile chombo upande mwingine wa tumbo, kisha upande mwingine tena, na mwisho akaipunguza sauti ya mashine. Hakuna aliyemwambia Dalila kitu, na hakuhitaji kuambiwa.

Shee alipatikana alasiri. Walimweka kwenye kipaza sauti na chumba chote kilimsikia akipiga kelele juu ya upepo, "Mpasueni! Mnaniuliza nini? Mpasueni sasa hivi!" Mwanalima akathibitisha kwamba ndiye mwanawe. Daktari akampasua Dalila, akamtoa mtoto wa kiume, mzima wa viungo vyote, ana nywele nyingi, amekufa.

Mahmudi na wanaume wa msikiti wa jirani ndio waliomzika. Dalila alibaki wodini na kidonda chake, kati ya wanawake wenye watoto. Maziwa yakamjia. Hayakuwa na habari kwamba hakuna wa kunyonya, yakajaa, yakamlowesha nguo, na Layla akaja akamfunga kifua kwa kitambaa akilia naye. Mwanalima hakuondoka kando ya kitanda. Alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza ubavu kwa ubavu. Hakujitetea hata mara moja, na Dalila hakumsemesha. Mikono ile ilimhudumia vizuri, na kila ikimgusa alitamani kupiga ukelele.

Kitu kimoja tu kilimshikilia, nacho ni Shee. Shee atakuja, atauliza, ataambiwa, na atakasirika. Dalila hakutaka mavyaa wake afokewe wala afukuzwe. Alitaka tu mtu mmoja wa nyumba ile akasirike pamoja naye, aseme kwa mdomo wake kwamba jambo lile halikuwa sawa.

Shee akaja. Aliingia na chumvi bado kwenye nywele, akaweka kipaji cha uso kwenye chuma cha kitanda, akalia mpaka mabega yakamruka. Dalila alimwekea mkono kichwani. Baada ya kulia akauliza, kama alivyojua atauliza.

"Waliponipigia ilikuwa alasiri. Mahmudi aliniambia uliingia hapa asubuhi. Hakupatikana mwanamume mwingine wa kusema mimi nipo, naridhia, akaokoa roho?"

Mwanalima mwenyewe akasema yote, kwa haki yake hakuficha hata moja. Akaeleza alivyotoka kuswali, alivyosikia, alivyopayuka. "Mimi ndimi niliyemuua mwanao," akasema, "na sijui nimwombe nani radhi kwanza."

Shee alimgeukia mamake. Dalila alimtazama Shee, akiingoja ile hasira.

"Usiseme hivyo, mama," Shee akasema. "Ungefanya nini? Mahmudi naye amezidi. Kuna mambo mtu hayatamki. Ati yeye mumewe!"

"Alikuwa anamwokoa mwanao," Dalila akasema.

"Najua." Akamshika mguu chini ya shuka, akaupapasa, kwa huruma kabisa, bila ukali wowote. "Lakini Dalila, mimi nakwambia kweli. Hata ningekuwa mimi pale uani, nikasikia mtu anasema hivyo, na mimi ningesema kama mama."

Dalila akauvuta mguu wake. Kidonda kilimchoma alipouvuta, na hakujali.

"Layla," akaita. Muuguzi akaja. "Nipigie Mahmudi. Mwambie siku nikitolewa hapa aje anichukue, nakwenda kwake."

Shee akasimama. Mwanalima akaanza kulia kwa sauti. "Kwake?" Shee akasema. "Dalila, wewe una mume."

"Nilimtafuta mume adhuhuri ile, Shee," akasema. "Aliyekuja ni Mahmudi."