Ukuta wa Redio

Nilikuwa chini ya turubai la lori, ngozi za mbuzi zimenifunika mpaka kidevuni, mbwa alipoanza kulia.

"Warya, jilaze kama maiti," Olow dereva alikuwa ameniambia kabla hajaenda kunywa chai kibandani. "Tukivuka daraja, utafufuka."

Hapo ni Garissa, miaka ya tisini. Kuvuka mto Tana kwenda Nairobi, Msomali alidaiwa kadi mbili: kipande cha kila Mkenya, na kadi ya pinki ya Wasomali peke yao. Mimi sikuwa na hata moja. Shule niliacha darasa la sita, na tangu hapo kila safari yangu iliishia darajani.

Kazi yangu ilikuwa kufagia kwa Bi Helga, daktari wa mifugo kutoka ng'ambo. Boma lake halikuwa na ukuta, lakini mbwa wake, Tomi, hakutoka hata siku moja.

"Kuna sanduku sebuleni," Bi Helga aliniambia. "Linatuma redio ya masafa ya chini, pande zote. Mkanda wa shingoni unaisikiliza. Akienda mbali, mkanda ukiikosa, unampiga shoti."

"Na mimi je? Inanipita mwilini?"

"Inakupita. Lakini wewe huna mkanda, Mahat."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Siku ile Bi Helga alikagua ngozi za Olow pale bomani, akaenda zake Bura. Lori, chuma kitupu, likabaki katikati ya sebule na kivuli alichozoea kulala Tomi. Redio ikazibwa. Nikachungulia: mbwa amelala palepale alipofundishwa kulala, na bado anapigwa. Anaruka, anarudi palepale, anapigwa tena.

Nilivumilia. Halafu nikashindwa.

Nikaruka chini, nikamshika. Meno ya chuma ya ule mkanda yakaniuma vidole, lakini nikaufungua. Tomi akanilamba mikono yote miwili, mate mpaka kwenye viwiko.

Wallahi, singepanda tena lori na najisi ile. Nikaenda kwenye pipa la maji. Udongo kwanza, kisha maji, mara saba, kama mama alivyonifundisha. Nilikuwa bado nanawa Olow alipowasha injini. Hakuangalia nyuma, alijua maiti wake yuko mahali pake.

Nikakimbia. Daraja halikuwa mbali. Tomi alikuwa mbele yangu, analifukuza lori. Kizuizi kikainuliwa, lori likapita, Tomi akapita. Askari akampigia mluzi, akacheka.

Kisha akashusha kizuizi.

"Wewe warya, kipande?"

Nikamwonyesha mikono. Ilikuwa safi, bado inadondosha maji.